Binamu wa Ngamia

Mutua alikuja Ijumaa kuomba sanduku. Anarudi Kenya moja kwa moja, baada ya miaka ambayo sisi wenyewe tumeacha kuihesabu, na vitu vyake vimekataa kuingia katika masanduku aliyonunua, kwa sababu mwanamume akikaa ugenini muda mrefu hukusanya takataka kuliko mwanamke, ingawa huyu hatakubali nikimwambia. Nilimkaribisha katika ile nyumba ya kupanga hapa Aziziya, Jeddah, tunakokutana sisi Wakenya siku za mapumziko kula chapati na maharagwe ya nazi na kuulizana habari za nyumbani. Alikaa kwa kishindo, akalalamikia magoti, akalalamikia maharagwe kwamba hayana chumvi, kisha akala sahani mbili. Nikaenda chumbani nikavuta kutoka chini ya kitanda sanduku langu la zamani, la kijani, ambalo gurudumu lake moja halizunguki. Nilipotaka kulifungua ili nilipanguse, zipu ikakwama. Mutua akavaa miwani, akainama, akachomoa kutoka kwenye meno ya zipu kishungi cha sufu ya kahawia, laini kama unga. Akakiweka kiganjani, akakitazama, kisha akanitazama mimi. "Kaltuma," akasema, "huyu si Warda?" Nikamwambia, "Si Warda. Ni mwanawe." Tukacheka mpaka wenzetu wakatoka jikoni kuuliza kuna nini, na tukashindwa kuwaeleza. Hili ni jambo lisiloelezeka kwa mdomo huku umeshika sahani. Ndiyo maana naliandika.

Mwaka niliofika huku nilikuwa binti mbichi kutoka Isiolo, na nyumba yangu ya kwanza Uarabuni ilikuwa ya Madam Munira, kule Al-Hamra, karibu na bahari. Sikuiona bahari hiyo ila kwenye pazia likipepea. Chumba changu kilipakana na mashine za kufulia, kwa hiyo mpaka leo nikinusa ile sabuni ya maji ya kulainisha nguo nahisi kama mtu ananiita. Madam Munira hakuwa mtu mbaya, na namtaja kwa heshima. Tatizo lilikuwa mimi: nilikuwa mzito. Sakafu ya marumaru iliniogopesha, nikatembea juu yake kama mtu anayevuka mto, na kikombe cha kahawa kilichotakiwa saa hiyo kilifika kimepoa. Siku moja, nikiwa nakunja taulo ukumbini, nilimsikia akiongea na dadake wa Riyadh kwenye simu, simu yenyewe kaiweka mezani inaongea kwa sauti. "Ana adabu sana," akasema Madam Munira, "lakini ukimtuma kitu unaweza kuswali ukamaliza, hajarudi. Mwezi ukiisha namrudisha maktab." Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusoma Kurani, lakini neno maktab nililijua vizuri kuliko yote.

Maktab ilikuwa ofisi ya wakala, na nilikuwa nimekaa humo siku zangu za mwanzo nikisubiri kuchukuliwa. Viti vya plastiki, runinga isiyozimwa, na wasichana waliokaa kila mmoja na sanduku lake kati ya miguu. Ukirudishwa pale, hujui nani atakayeingia mlangoni kukuchagua tena. Kuna nyumba njema na kuna nyumba ambazo mtu akitoka hasimulii. Nilimwona msichana mmoja wa kwetu Kenya aliyerudishwa. Alikula nasi, akalala nasi, alikaa kauelekea ukuta, na kuhusu nyumba aliyotoka hakusema neno. Hakuna aliyemuuliza. Niliogopa kimya kile kuliko kelele yoyote, na zile taulo nilizokwisha kuzikunja nikazikunjua nikazikunja upya. Ndipo nikasikia sauti ya yule dada wa Riyadh kwenye simu ikicheka: kijana wake mkubwa amemletea dada yake mdogo, Reem, zawadi kutoka shamba moja la wanyama wa kigeni nje ya Riyadh, mnyama wa ajabu, ngamia si ngamia, kondoo si kondoo, na sasa mnyama amekaa uani, hali chochote, na hakuna anayejua la kufanya. Madam Munira akanigeukia. "Kaltuma, kwenu si mnafuga ngamia?" Nikasema tunafuga. Akairudia simu. "Nakutumia huyu," akasema, kama mtu anayemwazima dadake sufuria.

Mapatano yao niliyasikia yote. Makaratasi yangu yangebaki Jeddah. Kafili wangu, yaani mdhamini wangu kisheria, angekuwa yule yule, mume wa Madam Munira. Na siku mnyama atakapokufa au kuuzwa, kazi yangu imekwisha, naenda maktab. Kwa hiyo nilipopanda ndege na Reem, aliyekuwa amekuja kumtembelea mama yake mdogo, nilikuwa nakwenda Riyadh nikimwombea afya njema kiumbe ambaye sijamwona hata kwa picha. Nimewaombea watu wengi katika maisha yangu. Sidhani nimewahi kumwombea mtu kwa bidii namna ile.

Alikuwa jike, rangi ya kahawia, amesimama kwenye kona ya hoshi, yaani ua wa nyumba, chini ya kibanda cha mabati, shingo ndefu na nywele zimemwangukia machoni. Reem alimwita Warda. "Anaitwa alpaka," akanieleza, "anatoka milima ya Peru, upande mwingine kabisa wa dunia." Mimi nilimtazama miguu kwanza, kama tufanyavyo kwetu. Vidole viwili vyenye nyayo laini, si kwato. Mdomo wa juu umepasuka katikati. Nundu hana, na kimo hakinifiki begani, lakini mtu wa ngamia akiona mguu ule na mdomo ule hahitaji kuambiwa. Na alikuwa akiguna, mmm, mmm, bila kufungua mdomo, bila kukoma. Dereva wa nyumba alikuwa ameegemea ukuta akiniangalia, kijana wa Machakos mwenye maneno mengi, na hivyo ndivyo nilivyokutana na Mutua. "Wewe ndiye daktari wa ngamia?" akaniuliza. "Karibu. Huyu mgonjwa wako huimba siku nzima kama kwaya ya kanisa, sema tu wimbo ni mmoja. Mimi naona ako na stress." Nikamuuliza amekula lini. "Mafi kula, hakuna kabisa," akasema. "Anaangalia chakula vile mtu anaangalia mgeni."

Dawa yake niliipata kwa uvivu. Jikoni kulikuwa na joto na maneno ya wapishi, nikachukua sahani yangu ya wali na kipande cha kuku nikaenda kukaa kibandani nile kwa amani, na nilipoanza kutafuna, Warda akaacha kuguna, akasogea, akainamisha shingo kwenye majani yake makavu akatafuna pia. Niliponyamaza kula, akanyamaza. Nikala tena, akala. Hakuwa mgonjwa wa kitu chochote ila upweke. Hakujua kula peke yake. Kuanzia siku hiyo milo yangu yote niliila kibandani, na Mutua akaja kuongeza idadi na soda yake na mkate, na nathubutu kusema kwamba sijapata kula vizuri popote kama nilivyokula pale, nimekaa juu ya ndoo, mtu akinisimulia habari za Machakos upande huu na mnyama wa Peru akinitafunia sikioni upande wa pili. Kila kukicha nikiona yu hai nilijisikia kama mtu aliyeongezewa siku.

Mwenye nyumba tulimwita Baba. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye duka kule Al-Sulimaniyah la kuuza mabushuti, yale majoho mepesi ya heshima ambayo wanaume huyatupia mabegani siku za harusi na sikukuu, na maisha yake yote vidole vyake vilikuwa vikipima nyuzi. Kitu kimoja alichokipenda kuliko biashara ni nasaba. Mgeni akifika, kabla kahawa haijamiminwa, Baba alitaka kujua yeye ni wa nani, na huyo naye wa nani, mpaka afike mahali ambapo babu wa mmoja aliwahi kumjua babu wa mwingine, na hapo tu ndipo moyo wake ulipotulia. Hata mimi aliniuliza. "Wewe kabila gani?" Mborana. "Mna ngamia?" Tunao. "Maziwa yake mnawapa watoto?" Na wazee, nikasema. Akatikisa kichwa polepole, na tangu hapo akawa akinisalimu kwa jina. Lakini Warda hakumkubali. "Huyu baba yake nani?" aliuliza, na hakuna aliyejua kumjibu. "Basi ni kondoo aliyevutwa shingo," akasema, akaenda zake dukani.

Kitu cha kwanza kilichomtikisa ni sufu. Joto lilipokaribia, Reem alisoma kwamba lazima mnyama anyolewe au atakufa na jua la Riyadh, na kwa kuwa hakuna kinyozi wa alpaka mtaani, kazi ikamwangukia Mutua na mkasi wa jikoni. Mimi nilimshika Warda shingo nikimwimbia, Mutua akakata, na alipomaliza mnyama alikuwa na ngazi ngazi mwilini kama shamba la mlimani, na tumbo tulimwachia manyoya yake kwa sababu alirusha teke kila tulipoligusa. Baba alipita akaokota kishungi chini. Alikisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Akakivuta, akakitazama juani, akakisugua tena, na uso wake ukawa wa mtu aliyesikia jina lake likiitwa katika mji asioujua. "Huyu si kondoo," akasema. Akaijaza sufu yote katika gunia akaenda nayo dukani, na jioni Madam, yaani mkewe, akatuambia jikoni kwamba hakuuza kitu siku hiyo, alikuwa akiwaonyesha wateja manyoya.

Ndipo tukamletea Warda mwenzake, dume jeusi kutoka shamba lile lile, Reem akamwita Sultani. Sote tulidhani mambo yamekwisha: upweke utaondoka, watazaa, Baba atapata sufu, nami nitakuwa na kazi mpaka nizeeke. Badala yake Warda alimwona Sultani akawa kama mwendawazimu. Dume likimkaribia tu, anarudisha masikio nyuma, anainua pua, anatema. Si mate ya kawaida. Ni yale majani ya tumboni, ya kijani, yenye harufu ya kufukuza hata nzi. Miezi ikapita, kila siku ni yale yale. Sultani akawa anaishi upande mwingine wa hoshi na madoa ya kijani kifuani. Madam akauliza, labda ana mimba tayari, alitoka nayo shambani? Hapo ndipo mimi na Baba tulipojitokeza na elimu yetu. Kwetu, ngamia jike akiwa na mimba, ukimsogelea tu huukunja mkia wake juu, na mchungaji hahitaji dalili nyingine. Baba aliyajua hayo tangu utotoni kama mimi. Akavaa viatu, akatoka na fimbo yake, akamzunguka Warda huku na huku, mkia haukutikisika. Akaniangalia. "Hana kitu," akasema. "Hana kitu, Baba," nikasema. Watu wawili wa ngamia tulikuwa tumekubaliana, nani angetubishia? Na kwa kweli niliona fahari.

Asubuhi ya Idi kubwa, Baba alitoka kwenda kuwasalimu jamaa, kavaa bushuti lake jeusi lenye ukingo wa dhahabu, kazi ya mkono ya marehemu babake. Alipita hoshini ili wanawe wamwone. Sultani naye, maskini, aliona hiyo ni fursa ya kumpitia Warda kwa nyuma. Niliona masikio ya Warda yanarudi nyuma, nikafungua mdomo kumwonya Baba, nikachelewa, maana nilikuwa mzito bado. Kile kitu cha kijani kilimkuta Baba kuanzia bega mpaka ukingo wa dhahabu. Alisimama pale, akavua bushuti, akamkabidhi Mutua kama anayekabidhi maiti, akasema, "Baridi ikiingia, mwenye shamba aje awachukue wote wawili. Hazai na hana adabu. Halas." Mutua alilipeleka bushuti kusafishwa, akarudi, akanikuta nimekaa juu ya ndoo yangu. Hakufanya mzaha. "Pole, dadangu," akasema, na kwa kuwa alikuwa Mutua, asiyekosa neno, pole yake tupu ilinitisha zaidi.

Aliyejaribu kuwaokoa ni Reem. Alikuwa akisoma mambo ya viumbe chuo kikuu, na alikuwa na mada ya kutoa mbele ya darasa. Akaamua iwe ya Warda, na akaamua kujifunza kuitoa nyumbani, sebule ya wanawake, baada ya chakula cha mchana, wakati anajua babake yuko nyumbani. Nakumbuka chumba kile mpaka harufu yake: iliki, udi, na mafuta ya wali yaliyobaki hewani. Madam amejilaza kwenye matakia, mimi nazungusha kahawa na tende, na Baba yuko mlangoni anajifanya anatafuta miwani iliyo kichwani kwake. Reem akasema kwamba ukoo wote wa ngamia haukuanzia Uarabuni wala Afrika. Ulianzia Amerika ya Kaskazini, zamani mno, kabla hapajawa na mtu wa kuwaita jina. Kisha ukoo ukagawanyika. Wengine walielekea kaskazini, wakavuka kuingia Asia kwa njia ya nchi kavu ambayo leo imefunikwa na bahari, na wale ndio waliokuja kuwa ngamia hawa wenye nundu. Wengine walielekea kusini, wakapanda milima mirefu ya Amerika ya Kusini, wakawa wanyama wadogo wa mwituni wenye manyoya ya kuzuia baridi. Na wale waliobaki nyumbani walikotoka wote, akasema, wakaisha. "Hakubaki hata mmoja?" akauliza Baba kutoka mlangoni, akasahau kwamba hasikilizi. "Hata mmoja, Baba. Waliobaki ni wale waliohama." Niliposikia hivyo, nilisimama na dele la kahawa mkononi mpaka Madam akanigusa mguu.

Reem akaendelea. Kule milimani, watu wa Peru walimfuga mmoja wa wale wa mwituni, anayeitwa vikunya, wakamzalisha vizazi na vizazi kwa ajili ya sufu yake, na maelfu ya miaka iliyopita alpaka akapatikana hivyo: si mnyama wa kubeba mizigo, ni mnyama wa nguo. Wafalme wa kule walivaa vitambaa vya sufu hiyo, na nguo nzuri ilihesabiwa kuwa zawadi kubwa kuliko dhahabu. Hapo Baba aliingia kabisa akakaa. Kisha Wahispania wakaja na vita na kondoo wao, wakawanyang'anya alpaka malisho ya bondeni, na wengi wakafa pamoja na watu waliojua kuwatunza. Waliosalia walisukumwa juu kabisa, mahali kondoo hapawezi, ambako usiku ni baridi kali hata mama huzaa asubuhi ili mtoto akauke na jua kabla ya giza. Na huko juu walidumu. Reem akafunga kompyuta yake. "Kwa hiyo, Baba, nasaba yake ndiyo hiyo. Ni binamu wa ngamia wako, wametengana zamani, na huyu amefika hapa kwa njia ndefu." Sote tukamtazama mzee. Alikunywa kahawa yake taratibu, akatikisa kikombe kuonyesha ametosheka. "Nasaba njema," akasema. "Nimefurahi kumjua. Lakini hata mimi binamu yangu akija akanitemea mate siku ya Idi, ataondoka." Madam alicheka mpaka akafuta macho, na mimi nikaenda jikoni nikalia.

Asubuhi ya kuondoka ilikuwa na baridi ile ya Riyadh ambayo wanaoijua Jeddah tu hawaamini, upepo mkavu unaopita katikati ya mifupa. Mwenye shamba alifika na gari lake la kubebea wanyama, akaingizwa majlisi, sebule ya wageni wanaume, kunywa kahawa na Baba. Mutua alikuwa amewasha gari letu, maana akimaliza kupakia wanyama alitakiwa kunipeleka maktab, kwenye tawi lao la pale Riyadh. Sanduku langu la kijani nililiweka karibu na banda. Nguo zangu zote zilikuwamo, nimezikunja vizuri kama za kwenda harusini. Madam alikuwa amekuja chumbani akaniambia angependa nibaki, wallah angependa, lakini makaratasi yako Jeddah na mnyama anaondoka, yeye atasema nini. Nikamwambia asante, nikaendelea kukunja. Warda alikuwa na mambo yake: anakwenda kwenye lile rundo wanapozoea kwenda haja, anasimama, anajikamua, hakitoki kitu, anarudi, anakwenda tena. Nikamwambia Mutua tumbo limemsokota, amejua anaondoka. Wala sikukumbuka asubuhi za milimani. Mutua akachukua kamba akamzunguka kwa nyuma ili asimtemee. Nikamwona amesimama, kamba imemning'inia mkononi. Kisha akasema taratibu, "Kaltuma. Njoo uone. Kuna pua huku."

Kulikuwa na pua, na chini ya pua miguu miwili membamba, na Warda amesimama tu, anatafuna. Nikapiga magoti. Hapakuwa na la kufanya ila kupokea, na nilipokea: kitu kirefu, chenye maji, cha joto, kilichoteleza mikononi mwangu kikaangukia mapajani pangu. Nilimsikia Baba na mgeni wakija mbio, vikombe mkononi. Mutua alikuwa ametoka jasho kwenye baridi ile. "Mbona hamlambi?" akasema. "Ng'ombe yetu huanza kulamba saa hiyo hiyo. Huyu amemkataa mtoto, Kaltuma, angalia, hamlambi." Na kweli Warda alikuwa amenusa tu akainua kichwa. Nikasema, "Ngamia halambi mtoto," na wakati huo huo, juu ya kichwa changu, kwa Kiarabu, Baba akamwambia mgeni wake maneno yale yale. Tukatazamana. Mkia ulikuwa umetudanganya sote wawili miezi yote ile, lakini ulimi ulisema kweli. Na yale mate yote, jamani, ilikuwa ni mama anamwambia dume aondoke, nina mtoto, nimekuja naye tumboni kutoka shambani. Tukayaita utovu wa adabu.

Upepo ulikuwa ukimpiga mtoto naye akitetemeka mwili mzima. Jua la asubuhi ya milimani halikuwapo, na saruji ya hoshi ilikuwa imelowa kwa kuoshwa. Sikufikiri. Nilivuta sanduku, nikafungua zipu, nikaanza kumfuta kwa kitu cha kwanza kilichonijia mkononi, na cha pili, na cha tatu: sweta, leso, madera mawili, mpaka gauni langu la Idi. Mutua naye akanyakua blauzi akasugua miguu. Tulipommaliza nilimlaza ndani ya sanduku tupu, kifuniko nikakisimamisha upande wa upepo, na akakaa humo, shingo nje, nywele zimesimama, anashangaa. Warda akaja. Akainamisha uso mpaka pua zao zikagusana, akaanza kuguna, mmm, mmm, ule wimbo wake mmoja, na mtoto akamjibu. Nilikuwa nimeusikia wimbo ule karibu mwaka mzima, tangu siku ya kwanza nilipomkuta kwenye kona. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia ukijibiwa.

Mwenye shamba alikohoa, akauliza sasa inakuwaje, watatu wana hesabu yao. Baba hakumtazama. Alikuwa amechuchumaa mbele ya sanduku langu, kidole gumba na cha shahada vikisugua sufu mbichi ya shingo ya mtoto. "Kunywa kahawa yako," akamwambia. "Leo hakuna kuuza." Akatoa simu, akampigia shemeji yake Jeddah hapo hapo, akiwa amechuchumaa, akasema maneno machache, na katika hayo niliyoyadaka ni mawili tu, jina langu na ikama, kile kibali cha kuishi nchini. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akiomba nihamishwe kwake. Wakati ule sikuelewa kitu, nilijua tu gari bado linanguruma nje, na kwamba mimi ni wa kuondoka.

Nilikaa na watu wale mpaka Warda akazeeka, na Reem alipoolewa akahamia huku Jeddah nikaja naye, na napika nyumbani kwake mpaka leo. Baba alitangulia mwaka jana, Mungu amrehemu. Hadi mwisho alikuwa akiwaambia wageni nasaba ya alpaka kabla hawajaulizwa. Mutua amelichukua sanduku. Aliniuliza kama akitoe kishungi kingine kilichobaki kwenye zipu, nikamwambia akiache. Nikalifunga mwenyewe, na nilipokuwa nikilifunga nilimsikia Madam wa Riyadh, dhahiri kabisa, akitoka nje asubuhi ile aliyozaa Warda, shela yake mabegani, bado hajui lililotokea, akinikuta nimepiga magoti kwenye saruji.

"Yalla, Kaltuma, dereva anakusubiri," akasema. "Nguo zako ziko wapi?"

Nikatazama huku na huku. Zilikuwa zimezagaa hoshi nzima, nyingine chini ya miguu ya Warda, moja begani mwa Mutua, hakuna hata moja kavu.

"Zimelowa zote, Madam."

Akalitazama sanduku, na aliyelala ndani yake. Akamtazama mumewe aliyechuchumaa. Kisha akainama, akaanza kuziokota nguo zangu moja moja, akizikung'uta na kuziweka mkononi mwake, kama mama yeyote anayeokota nguo za watoto.

"Basi utaendaje?" akasema.

Jioni ile zilianikwa kwenye kamba ya nyumba, katikati ya nguo zao.